Maskini gani anaruhusiwa kuonekana China?

Mapema Novemba 2025, tamasha la filamu huru za China, yaani zinazotengenezwa nje ya mfumo wa serikali, lililokuwa lifanyike kwa mara ya kwanza jijini New York, IndieChina, lilisimamishwa zikiwa zimebaki siku chache tu lianze. Mwandaaji wake, Zhu Rikun, alieleza kwamba waongozaji waliokubali kuonyesha kazi zao, pamoja na baadhi ya ndugu na marafiki zao walioko China, walibanwa hadi filamu nyingi zikaondolewa. Habari hiyo ilisomwa kwa namna mbili. Wapo walioiona kama sura nyingine ya mvutano wa Beijing na Washington, na waongozaji wakageuzwa wanaharakati waliokuja Marekani kuisema vibaya serikali yao. Wapo pia waliosema, na kauli hii huisikii mbali hata kwetu, kwamba filamu hizi ni biashara ya kuwauzia wazungu picha za shida, kwa hiyo nchi inayojiheshimu ina haki ya kuzizuia.

Naona pande zote mbili zimeikosa shabaha. Serikali ya China haioni haya kuonyesha maskini. Televisheni zake, magazeti yake na mitandao yake huonyesha wakulima wa milimani, wazee wapweke, walemavu na vibarua karibu kila siku. Kinachozuiwa ni maskini wa aina moja: yule ambaye shida yake imesababishwa na uamuzi uliofanywa nyumbani, na ambaye hadithi yake haijapata hitimisho la kufurahisha kutoka juu. Umaskini unaruhusiwa kuonekana ukiwa umekwisha, au ukiwa umeletwa na adui wa nje, au ukiwa unavumiliwa kwa tabasamu. Waongozaji huru wa China, kwa zaidi ya miaka 30, wamekuwa wakipiga picha ule unaoendelea.

Historia yao ina jambo ambalo husahaulika: njia hii ya kupiga picha maisha halisi ilianzia ndani ya televisheni za serikali. Wu Wenguang, mzaliwa wa Yunnan, alikuwa amefanya kazi ya televisheni kabla ya mwaka 1990, alipokamilisha filamu kuhusu marafiki zake wasanii waliokuwa wakiishi Beijing bila ajira ya serikali wala kibali cha makazi. Mwaka 1993 kituo cha taifa, CCTV, chenyewe kilianzisha kipindi kifupi cha kila siku kilichojitangaza kuwa kinasimulia hadithi za watu wa kawaida, na vijana wengi walijifunzia humo kubeba kamera, kungoja na kusikiliza. Duan Jinchuan alikaa na kamera katika ofisi ya kamati ya mtaa huko Lhasa, Tibet, akatoa filamu isiyo na msimulizi wala muziki, iliyotuzwa Paris mwaka 1997. Kisha zikaja kamera ndogo za dijitali, na kwa mara ya kwanza mtu mmoja asiye na kituo nyuma yake akaweza kukaa mahali miaka mitatu, minne, kumi, bila kuomba bajeti kwa yeyote.

Kamera hizo zilifika wakati nchi ikipinduliwa juu chini. Viwanda vya umma vilikuwa vikifungwa na makumi ya mamilioni ya wafanyakazi wakipunguzwa. Mabonde yalikuwa yakifukiwa na maji ya bwawa la Mabonde Matatu kwenye mto Yangtze. Vijana wa vijijini walikuwa wakimiminika mijini, huku mfumo wa uandikishaji wa makazi ulioanza mwaka 1958 ukiendelea kuwahesabu kuwa watu wa kwao kijijini, na hivyo kuwanyima wengi wao shule za watoto na huduma nyingine za mjini walikojenga. Sensa ya mwaka 2020 ilikuta watu milioni 376 wakiishi mbali na mahali walikoandikishwa, bila kuhesabu waliohama ndani ya mji uleule. Ndani ya idadi hiyo kuna maisha ambayo hayakuwa na mtunzaji.

Kazi inayoeleza jambo hili vizuri kuliko zote ni ya Wang Bing, aliyezaliwa Shaanxi mwaka 1967. Mwaka 1999 aliingia na kamera ndogo katika wilaya ya viwanda ya Tiexi, mjini Shenyang, kaskazini mashariki, akabaki huko hadi 2001. Filamu iliyotoka, Tie Xi Qu, ina urefu wa zaidi ya saa 9. Sehemu ya kwanza iko ndani ya viwanda vya kuyeyusha madini, kwenye vyumba vya mapumziko ambako wanaume wanacheza karata, wanaoga, wanagombana na kuulizana mshahara utatoka lini. Sehemu ya pili iko kwenye mtaa wa wafanyakazi unaobomolewa. Ya tatu inafuata reli inayounganisha viwanda hivyo, na humo yumo mzee anayeishi na mwanawe katika kibanda kando ya njia, wakijikimu kwa kuokota makaa ya mawe. Siku moja mzee anakamatwa. Kijana anabaki peke yake chumbani, anatoa mfuko wa plastiki, anaanza kuchambua picha za familia moja baada ya nyingine, na machozi yanamtoka. Baba anapoachiwa wanakwenda kula, kijana analewa, analia, anamwangukia babake, na baba anambeba mgongoni kumrudisha nyumbani gizani. Hakuna sauti inayotuambia nani wa kulaumiwa. Wang Bing hajauliza swali lolote la siasa. Hata hivyo mtazamaji hawezi kutoka hapo akidhani kufungwa kwa viwanda kulikuwa tarakimu kwenye ripoti ya uchumi.

Sasa tazama filamu iliyoruhusiwa. Mwaka 2017 filamu ya maisha halisi ya Guo Ke kuhusu bibi vizee waliofanywa watumwa wa ngono na jeshi la Japani wakati wa vita ilionyeshwa katika majumba ya sinema kote China. Ilichangiwa na zaidi ya watu 30,000 wa kawaida, ikaingiza zaidi ya yuan milioni 170, kiasi ambacho filamu za aina hiyo hazikuwa zimewahi kukifikia nchini humo. Ni filamu ya heshima, na bibi wale walistahili kila tiketi iliyokatwa. Lakini inathibitisha mambo mawili kwa mpigo: Wachina wako tayari kulipa ili wakae kimya mbele ya uso wa mtu aliyeumizwa na kusahauliwa, na serikali inawaruhusu, mradi aliyeumiza ni Japani. Mwaka 2022 filamu ya kubuni ya Li Ruijun kuhusu wanandoa mafukara wa Gansu ilipendwa mno na kuvuka yuan milioni 100. Baadaye mwisho wake uliongezewa maandishi yanayoeleza kwamba mume, kwa msaada wa majirani, amehamia nyumba mpya na kuanza maisha mapya. Kabla Septemba haijaisha ikaondolewa kwenye mitandao ya kutazamia. Kiangazi hichohicho video fupi kuhusu mjomba mlemavu wa kijijini, fundi seremala aliyepambana na maisha bila kulalamika, ilisambaa nchi nzima na kusifiwa na vyombo vya habari vya serikali. Wanandoa wa Gansu na fundi yule wote ni maskini wa kijijini. Kilichowatofautisha ni kama mtazamaji anaachiwa swali au anapewa jibu.

Ukiusoma mfululizo wa kufungwa kwa matamasha kwa jicho hilo, unaeleweka. Tamasha la Kunming lilikatishwa mwaka 2013. Agosti 2014 polisi na maofisa walilizuia tamasha la filamu huru la Beijing katika kijiji cha wasanii cha Songzhuang na kuchukua hazina yake ya filamu. Sheria ya filamu iliyoanza kutumika Machi 2017 ilifanya kuwa kosa kupeleka filamu isiyo na kibali cha serikali kwenye tamasha lolote, la ndani au la nje. Januari 2020 waandaaji wa tamasha la Nanjing, lililoanza mwaka 2003, walitangaza kwamba hawaoni tena uwezekano wa kuendesha tamasha lenye uhuru wa kweli. Januari 2025 mahakama ya Shanghai ilimhukumu Chen Pinlin kifungo cha miaka mitatu na nusu kwa filamu yake kuhusu maandamano ya karatasi nyeupe ya Novemba 2022, yaliyopinga masharti makali ya Uviko-19. Kesi hiyo ya mwisho ni ya siasa waziwazi, na haifai kuchanganywa na nyingine. Lakini nyingine nyingi ziliangukia watu wanaopiga picha bibi kizee akimenya viazi.

Nije kwa wanaotetea uzuiaji, maana hoja zao si za kupuuzwa zote. Hoja nzito ni hii: China imewatoa watu karibu milioni 800 katika umaskini uliokithiri kwa miongo minne, jambo ambalo hakuna taifa jingine limewahi kulifanya kwa ukubwa huo, kwa nini basi dunia ipelekewe filamu za walioachwa nyuma tu? Ni swali la haki. Picha ya China aliyonayo mtu anayetazama filamu za matamasha peke yake ni picha pungufu. Pia ni kweli kwamba matamasha ya Ulaya yana ladha yake, na fedha za Ufaransa zimesaidia kazi kadhaa za Wang Bing, ikiwemo ile ya vijana wa cherehani iliyoshindania tuzo kuu ya Cannes mwaka 2023. Mwenye fedha huwa na ushawishi, hata asiposema neno.

Ila hoja inayotumiwa zaidi ndiyo dhaifu kuliko zote, nayo ni kwamba filamu hizi zinalivua nguo taifa mbele ya wageni. Kama tatizo lingekuwa wageni, dawa ingekuwa kuzionyesha nyumbani tu. Kilichotokea ni kinyume chake. Wageni wa matamasha ya Rotterdam, Venice na Yamagata waliendelea kuziona. Waliofungiwa mlango wa kwanza ni watazamaji wa Beijing, Kunming na Nanjing. Na mtu anayetaka kuuza shida kwa wageni hatengenezi bidhaa ya saa 9 katika lafudhi za Kaskazini Mashariki, wala saa 6 kama Xu Xin, ambaye mwaka 2010 alitoa filamu inayowasikiliza wazazi wa mji wa Karamay waliopoteza watoto katika moto wa ukumbi wa mwaka 1994, ambamo watu zaidi ya 300 walikufa, wengi wao wanafunzi. Wazazi wale hawakuwa wakizungumza na Ulaya. Walikuwa wakizungumza na nchi yao, wakimtaja kila mtoto kwa jina. Msamiati huu wa kulinda jina la nchi tunaujua Afrika Mashariki: mwaka 2025 huohuo, Nairobi, watengenezaji filamu wanne walikamatwa wakihusishwa na makala ya BBC kuhusu waandamanaji waliouawa kwa risasi nje ya Bunge, makala ambayo wanne hao walisema hawakuhusika nayo. Aibu ya taifa ilitajwa haraka kuliko vifo vyenyewe.

Wale wa upande wa pili, wanaoyatumia majina ya waongozaji hawa kama silaha dhidi ya Beijing, nao wanawadhulumu. Filamu inapopelekwa ukumbini ikiwa na bango kwamba imepigwa marufuku, mtazamaji hukaa akisubiri tukio la kumtukana mtawala, na kama halipo anaona amepunjwa. Hapo mzee wa makaa ya mawe anakuwa ushahidi katika kesi ambayo hakuifungua. Tena inawapa maofisa sababu waliyokuwa wakiitafuta. Mwongozaji Feng Yan alimfuata kwa miaka mama mkulima aliyekataa kuhama kingo za mto Yangtze bwawa lilipokuwa likijengwa. Ukimsikiliza mama yule utasikia shamba, michungwa, mume mgonjwa, watoto wa kusomeshwa, na ujasiri wa kumjibu ofisa mezani kwake. Kumfanya ishara ya upinzani dhidi ya chama tawala ni kumpunguza.

Lakini pingamizi linaloninyima usingizi ni jingine, na linawahusu waongozaji wenyewe. Maskini aliyepigwa picha anapata nini? Mwaka 2008 Xu Tong alitoa filamu kuhusu mwanamke wa kijijini aliyekuwa akifanya biashara ya ngono pembezoni mwa Beijing huku akimwuguza babake. Mwaka uliofuata, ilipoonyeshwa Hong Kong, watetezi wa wafanyabiashara wa ngono waliandamana ukumbini wakisema ridhaa ya wanawake waliomo haikuheshimiwa na usalama wao umewekwa hatarini. Walikuwa sahihi kuuliza. Zhao Liang alitumia miaka 12, kuanzia 1996, kuwapiga picha watu wa mikoani waliokuwa wakiishi kwenye vibanda karibu na stesheni ya kusini ya Beijing, wakisubiri ofisi za malalamiko ziwasikie. Humo tunamwona binti akikua ndani ya madai ya mamake hadi siku anapoamua kuondoka na kumwacha. Ni filamu kubwa, na bado kuna nyakati unajiuliza kama kamera ilipaswa kuwepo. Mwaka 2011, kwenye tamasha la Nanjing, wasomi na waongozaji waligombana vikali juu ya maswali haya, na baadhi ya waongozaji waliona wanafundishwa maadili na watu ambao hawajawahi kulala kwenye vibanda hivyo. Naelewa hasira yao, ila sidhani iliwajibu wasomi.

Jibu lenye uzito lilitoka kwenye vitendo. Mwaka 2005 Wu Wenguang aliwapa wanakijiji kamera ndogo na kuwafundisha kuzitumia, warekodi wenyewe chaguzi na mikutano ya vijiji vyao. Kuanzia mwaka 2010 akawahimiza vijana warudi vijijini kwao kuwahoji wazee kuhusu njaa ya 1959 hadi 1961, iliyoua mamilioni na ambayo shuleni haisimuliwi ilivyokuwa. Zou Xueping alirudi kwao Shandong, akawarekodi wazee, kisha akafanya jambo ambalo waongozaji wengi hulikwepa: akawaonyesha filamu yenyewe, na akaipiga picha mijadala iliyofuata. Familia yake ilimkatalia kuipeleka nje, ikiona aibu na kuhofia matatizo. Hoja ileile ya kulivua nguo taifa, safari hii inatoka kinywani mwa ndugu, na inajadiliwa na waliokuwemo katika hiyo njaa. Baadaye akawakusanya watoto wa kijiji wakapita nyumba kwa nyumba kuandika majina ya waliokufa, wakasimamisha jiwe la ukumbusho. Zhang Mengqi naye amekuwa akirudi mwaka baada ya mwaka kwenye kijiji kimoja cha Hubei na kutoa filamu baada ya filamu, na wasichana wadogo wa hapo sasa wanashika kamera pamoja naye. Katika kazi hizi aliyepigwa picha ana la kusema juu ya picha yake. Hakuna sheria ya ukaguzi inayompa haki hiyo. Ofisa anapozuia filamu hamwulizi bibi kizee kama alitaka ionyeshwe.

Kuna watakaosema mjadala huu umepitwa na wakati kwa kuwa kila kibarua wa China ana simu na anajipiga picha mwenyewe kwenye mitandao ya video fupi ya Douyin au Kuaishou. Kuna ukweli mkubwa hapo. Ni video ya simu, Januari 2022, iliyowaonyesha Wachina mama wa watoto wanane akiwa amefungwa mnyororo shingoni kwenye kibanda cha Xuzhou, na mamilioni wakadai maelezo. Zhu Shengze alitengeneza filamu nzima kutokana na matangazo ya moja kwa moja ya watu wa pembezoni waliokuwa wakijirusha mtandaoni, ikashinda tuzo kuu ya Rotterdam mwaka 2019. Ila video ya sekunde 40 hufutwa asubuhi, na kinachofutwa zaidi ni mlolongo: nani alikuwa nani kabla, nini kilifuata, mtoto amekuwaje miaka kumi baadaye. Mtandao unatoa mshtuko kwa wingi. Muda ndio haupatikani huko, na muda ndio uliokuwa mchango wa waongozaji hawa.

Matokeo yake yameshaanza kuonekana. Kumbukumbu ya maisha ya Wachina wa kawaida katika kipindi cha mageuzi makubwa kuliko yote inahamia nje ya China. Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, kina hifadhi ya filamu huru za China. Mahojiano ya mradi wa njaa yamehifadhiwa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Mjukuu wa mfanyakazi wa Tiexi anayetaka kuona babu yake alivyocheza karata siku za mwisho za kiwanda itambidi avuke mipaka au avunje ukuta wa intaneti. Vitisho vilivyoifikia New York vinaonyesha kwamba hata huko nje si salama kwa wale ambao bado wana wazazi nyumbani. Na kadiri hifadhi zinavyobaki mikononi mwa vyuo vya Magharibi peke yake, ndivyo madai kwamba hizi ni filamu za wageni yatakavyozidi kufanana na ukweli.

Hapa ndipo sisi tunapoingia, kwa sababu China tunayoonyeshwa imechujwa kuliko ya watu wengi. Tangu tamthilia ya Doudou na mama wakwe zake iliporushwa kwa Kiswahili na TBC mwaka 2011, hadi Xi Jinping mwenyewe akaitaja alipohutubia Dar es Salaam mwaka 2013, tumeizoea China ya nyumba nzuri na matatizo ya ukwe. China nyingine tunaipata kwenye habari za reli, madeni na mikataba. Mfanyakazi wa Kichina kama mtu mwenye mshahara mdogo na bosi mgumu hatumjui kabisa. Waandaaji wa matamasha ya Zanzibar, Nairobi na Kampala hawana ugomvi wa Washington na Beijing wa kuubeba. Wanaweza kuziomba filamu hizi, kuzitafsiri na kuzionyesha bila bango la marufuku, waongozaji na watu wao wakiulizwa kwanza kama ni salama. Ningeanza na ileile ya Wang Bing ya vijana wa cherehani, kuhusu Zhili, mji wa karakana za nguo za watoto, aliyoipiga kati ya 2014 na 2019. Sokoni Kariakoo na Eastleigh nguo za watoto kutoka China zimejaa. Katika filamu hiyo vijana wa miaka ishirini wanazishona usiku hadi macho yanafumba, kisha wanamzunguka tajiri wao mezani na kubishana naye waongezwe senti chache kwa kila nguo. Mshonaji wa Dar es Salaam anayelipwa kwa kipande hatahitaji kuelezwa wanabishania nini.